Mzaha wa Mapenzi Katika Ngoma za Mlima Meru

Wako wadhanio kwamba nyimbo za kuchekesha ni upuuzi wa vijana, usiostahili kuandikwa. Dhana hiyo si sahihi. Katika miteremko ya Mlima Meru, Waarusha, wasemao Kimaa kama ndugu zao Wamasai ingawa wao ni wakulima, walikuwa na nyimbo ambazo wasichana waliwaimbia morani ngomani; na ndani ya kicheko chao mlikuwamo hukumu.

Uimbaji ulikuwa wa kupokezana. Kiongozi, aitwaye kwa Kimaa olaranyani, alianza wimbo, kundi likaitikia kwa sauti nzito, huku morani wakiruka. Wasichana walimsifu shujaa na mkarimu. Kisha wakamgeukia mwoga, mchoyo na mwenye majivuno, wakamsawiri hata akawa kichekesho mbele ya rika lake. Fimbo ilikuwa ya nini tena?

Mzaha huo ulikuwa na sababu. Mila ilimzuia morani kuoa hadi rika lake likaribie daraja la uzee, na habari za mahari ya ng'ombe zilikuwa mikononi mwa wazee. Hivyo msichana aliweza kumpenda kijana huyu, akaozwa kwa mtu mzima ambaye hakumchagua. Katika baraza la wazee hakuwa na kauli. Ngomani alikuwa nayo.

Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilijenga Nkoaranga, kwa Wameru, mwaka 1902, na Ilboru, kwa Waarusha, mwaka 1904. Ilileta shule, lakini haikuzipenda ngoma za rika. Msomi akajifunza kuzionea haya nyimbo za dada zake. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma zikapata heshima mpya. Hata hivyo, kilichopanda jukwaani zaidi ni miruko ya morani, si maneno ya wasichana. Mtazamaji asiyejua Kimaa hushangilia miguu, na mzaha humpita.

Hapana budi, basi, walimu wawatume wanafunzi kwa bibi zao. Na waandike maneno kwa Kimaa kwanza, kisha kwa Kiswahili, wakieleza ni nani aliyechekwa na kwa kosa gani. Kicheko kisichojulikana kosa lake ni ganda lisilo na kiini.