Santuri, Sahani na Albamu: Historia ya Maneno ya Wapenzi wa Muziki

Mara kwa mara husikika hoja kwamba neno albamu, litumiwalo kwa mkusanyo wa nyimbo za mwimbaji au bendi, ni mgeni asiyehitajika, kwa kuwa Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, yaani santuri. Wenye hoja hiyo wana nia njema, na si wachache. Lakini hoja yenyewe yachanganya vitu vitatu ambavyo historia ilituletea kwa nyakati mbalimbali: mashine ya kutoa sauti, sahani iliyotiwa sauti, na kusanyiko la nyimbo lenye jina lake. Mpenzi wa muziki amwambiapo mwenziwe, "Itafute hii uisikilize," yafaa ijulikane anamwelekeza kwenye kipi kati ya vitu hivyo. Katika makala haya nakusudia kuyafuata maneno hayo tangu yalikotoka, kisha niseme kwa nini nadhani si haki kuliua mojawapo ili jingine lipate nafasi.

Tuanze na santuri. Waajemi na Waarabu wana ala ya muziki iitwayo santur: ni sanduku bapa lenye nyuzi nyingi, na mpigaji huzigonga nyuzi hizo kwa vijiti viwili vyepesi. Ni jamaa ya kanuni, ambayo wapenzi wa taarabu wanaifahamu vizuri, ila kanuni hudonolewa kwa vidole na santur hugongwa. Emile Berliner alipoipatia hataza gramafoni yake ya sahani bapa mwaka 1887, miaka 10 baada ya Thomas Edison kutengeneza mashine yake ya mche duara, hapana mtu wa pwani yetu aliyekuwa na jina la kitu hicho. Mashine ilipofika ilipewa jina la ala. Jambo hili si la ajabu, kwani hata kinanda, ambacho asili yake ni ala ya nyuzi, kimepata kuitwa kila kitu kitoacho muziki kutoka ndani ya sanduku, kuanzia piano hadi gramafoni yenyewe. Dhana yangu ni kwamba msikilizaji wa kwanza hakuona mashine iliyohifadhi sauti ya mtu mwingine. Aliona ala iliyojipiga.

Basi hapo mwanzo santuri ilikuwa mashine. Kile kilichowekwa juu yake kikazunguka kiliitwa sahani ya santuri, au sahani tu, kwa kufananishwa na sahani ya chakula. Baadaye neno gramafoni lilipozoeleka, mashine ikachukua jina hilo la kigeni, na santuri ikashuka kutoka kwenye mashine ikakaa kwenye sahani. Uhamaji huu ulikuwa wa polepole, na kwa muda mrefu maana zote mbili zilitumika pamoja. Anayesoma wasia, hati ya mirathi au barua ya miaka ya 1930 na kukuta kwamba marehemu aliacha "santuri tatu" hana budi kujiuliza: je, ni mashine tatu, mali ya tajiri, au ni sahani tatu, mali ambayo hata mtu wa kawaida angeweza kuwa nayo? Mwanahistoria asiyelijua jambo hili ataandika habari ya nyumba nyingine kabisa.

Sahani zenyewe za zama zile zilikuwa nzito na zenye kuvunjika upesi. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu utolewao na wadudu fulani wa India, utomvu ambao ni jamaa ya lakiri ya kufungia barua. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya kawaida ulichukua muziki wa dakika tatu hivi. Wimbo mrefu ulikatwa katikati, nusu upande huu na nusu upande ule. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenzake kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ndiyo masharti aliyoyakuta. Nyimbo ambazo katika hadhara ziliweza kuendelea kadiri ya raha ya wasikilizaji ilibidi zitiwe katika kipimo cha sindano na sahani. Shaaban Robert, aliyemwandikia Siti wasifu, ameihifadhi heshima ya mwimbaji huyo katika nathari yetu. Lakini kabla ya kitabu hicho ni zile sahani zilizoipeleka sauti yake mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika, mikahawani na barazani, ambako mashine moja ilitosha watu wengi.

Hapa yafaa tuangalie namna wapenzi wa muziki walivyoelekezana. Sahani ilikuwa na nyimbo mbili tu, mmoja kila upande. Kwa hiyo mtu alimsifia mwenziwe wimbo, au alimsifia mwimbaji. Hakuwa na kitu cha tatu cha kusifia. Na pengine alimtajia namba. Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyo hiyo ilitoa kwa soko la Afrika mfululizo wa sahani, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba, zilizotambulishwa kwa herufi GV na namba. Ya kwanza ilikuwa na wimbo "El Manisero". Wasikilizaji wa Kongo na wa Afrika Magharibi walizizoea herufi hizo hata zikawa jina la mtindo wenyewe wa muziki. Kwetu pia zilifika. Salum Abdallah wa Morogoro alipoanzisha bendi yake mwaka 1948 aliiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania, kabla haijajulikana kwa jina la Cuban Marimba. Huo nao ni ushahidi wa kuelekezana: kijana wa Morogoro hakufika Havana, bali Havana ilimjia ndani ya bahasha ya karatasi.

Sasa tuje kwenye albamu. Neno hili kwa Kilatini lina maana ya kitu cheupe, na huko Roma lilikuwa jina la ubao uliopakwa rangi nyeupe, ambao juu yake yaliandikwa matangazo ya serikali. Katika karne ya 16 wanafunzi wa vyuo vya Ujerumani walikuwa wakichukua kitabu chenye kurasa tupu, wakawapa rafiki zao waandike humo maneno ya ukumbusho. Nacho kiliitwa albamu ya marafiki. Kisha likaja kuwa jina la kitabu cha kubandikia picha, na kwa maana hiyo wasomaji wengi wanalijua tangu utotoni. Katika muziki liliingia kwa sababu ya ule ufupi wa sahani. Muziki mrefu ulihitaji sahani kadhaa, nazo zikatiwa katika jalada moja lenye mifuko, mfano wa kitabu cha picha. Mwaka 1909 kampuni ya Odeon ilitoa muziki wa Tchaikovsky uitwao "Nutcracker" katika sahani nne za namna hiyo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta sahani ya plastiki izungukayo mara 33 na theluthi kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulichukua zaidi ya dakika 20. Kitabu kizima cha sahani kikaingia katika sahani moja. Jalada lenye mifuko likatoweka, lakini jina lake likabaki, likishikilia nyimbo zilizopangwa pamoja kwa makusudi.

Kwa hiyo, anayetaka santuri ichukue nafasi ya albamu anaomba jina la chombo libebe maana ya yaliyomo. Ni sawa na kusema karatasi pale tunapotaka kusema diwani. Sahani kubwa ilipopokewa na kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, kisha na sahani ndogo ya miali iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, albamu iliweza kuhama kutoka chombo hadi chombo. Santuri haikuweza, wala haikupaswa.

Lakini yupo anayeweza kunipinga kwa hoja nzito zaidi, nami naiona ina haki. Atasema: albamu haikuwa kipimo cha muziki wetu. Kweli haikuwa. Nchini Tanzania bendi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikakaa katika kanda za redio. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu mno. Wimbo ulisikika nchi nzima bila kuwa na sahani, jalada wala jina la mkusanyo. Watu waliunasa kutoka redioni kwa kaseti, kila mmoja kwa mpango wake, na kaseti ya jirani haikufanana na yako. Hata neno lenyewe la kanda lina historia yake: ukanda ni mmoja na kanda ni nyingi, lakini kwa mazoea ya redio na kaseti tumekuja kusema kanda hii na kanda hizi, umoja ukiwa umepoteza kiambishi chake.

Anayeihesabu historia ya muziki kwa albamu, basi, huwaacha nje watu wengi. Siti hakutoa albamu hata moja maishani mwake. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, wengi wanamjua kwa mfululizo wa santuri kubwa uitwao "Ukumbusho", uliokusanya nyimbo zilizokuwa zimetoka mbalimbali. Huo ni mkusanyo, na ingefaa orodha za maktaba ziuite hivyo, si albamu, kwa sababu mpangilio wake si wa mwimbaji.

Kuhusu tendo lenyewe la kumwelekeza mwenzio, lugha yetu haikuhitaji mkopo. Neno ni kupendekeza. Mzizi wake ni penda; pendeka ni kuwa na sifa ya kupendwa; pendekeza ni kukifanya kitu kiwe na sifa hiyo mbele ya mtu mwingine. Mikutano na kamati zimelichosha neno hili hata wengi hulisikia kama kutoa hoja tu, na jipendekeza imelitia doa. Lakini msikilizaji aliyeandika kadi ya salamu, akataja wimbo na majina ya jamaa na marafiki, akaipeleka posta ili mtangazaji aisome, alikuwa akipendekeza kwa maana kamili ya mnyambuliko wake. Alichagua wimbo mmoja ukawasikilizishe watu ambao wengine hakupata kuwaona.

Limebaki neno moja ambalo Wakenya na Watanzania hawalitamki sawa. Kwa nyimbo za zamani, Kenya husema zilizopendwa, nasi husema zilipendwa. La kwanza ni kirejeshi kilichoachwa na nomino yake. La pili ni sentensi nzima iliyogeuzwa jina. Mwanasarufi atalichagua la kwanza, nami pia. Hata hivyo yote mawili yana kasoro moja ya njeo, kwani yasema mapenzi yamekwisha, na ilhali zipendwazo lingeeleza ukweli kwa silabi zile zile chache. Mtangazaji hutamka zilipendwa, kisha huuweka wimbo ambao msikilizaji ameuomba asubuhi ile ile.