Tiketi ya Upepo Katika Barabara ya Karatu

Huko Karatu na Ngorongoro mawasiliano ya upepo si jambo geni. Miaka mingi kabla ya simu za mkononi, magari ya watalii na hoteli za ukingoni mwa kreta zilikuwa zikiitana na Arusha kwa redio ya upepo. Dereva akikwama matopeni, ofisi yake iliweza kujua kabla jua halijazama. Lakini abiria wa basi, aliyepita barabara ile ile, safari yake iliandikwa kwa kalamu katika kitabu cha tiketi chenye karatasi ya kaboni. Nakala ilibaki kwa kondakta, na aghalabu ikaishia hapo hapo.

Tajiri wa basi hakuihitaji sana nakala hiyo. Yeye alitaka "hesabu", yaani fedha walizopatana kwa siku. Kilichozidi baada ya mafuta kilikuwa cha dereva na kondakta; kikipungua, shauri lao. Magari mengi ya abiria nchini yanaendeshwa hivyo hadi leo, bila mkataba ulioandikwa.

Sasa upepo uliingiaje kwenye tiketi? Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Masafa yalikuwa ya kuchangia, kwa hiyo kompyuta mbili zikisema pamoja, kila moja hunyamaza kwa muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena. (Wabunge wetu nao wangefaa kuiga.) Simu ya mkononi inapoomba nafasi kwenye mnara hutumia busara hiyo hiyo.

Hapa Tanzania kampuni ya Mobitel ilianzisha simu za mkononi mwaka 1994, na minara ikasambaa katika miaka ya 2000. Julai 2010 Mamlaka ya Mapato, TRA, ikaleta mashine za kodi zenye kadi ya simu ndani, ambazo hupeleka zenyewe taarifa za mauzo kwa kupitia minara hiyo. Zilipowafikia wafanyabiashara wadogo mwaka 2013, maduka yalifungwa kwa migomo. Kisha ikaja zamu ya mabasi. LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019 katika usafiri wa nchi kavu, ikawataka wenye mabasi waache vitabu na kutumia tiketi mtandao.

Kondakta anabonyeza kituo, kiti na nauli. Karatasi inatoka, na taarifa inakwenda. Mtandao ukikatika, mashine iliyotengenezwa vizuri huweka taarifa tumboni na kuituma baadaye. Kwa mabasi ya Loliondo na Musoma, yanayopita lango la Lodoare na kuingia hifadhini, jambo hilo si dogo.

Tatizo ni ile hesabu. Tajiri akijua kila kiti kilichouzwa, kile kilichozidi hakipo tena. Nairobi waliliona hilo mapema. Mwaka 2013 Google na Benki ya Equity walileta kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay, na serikali ikapanga kwamba nauli taslimu ikome mwaka 2014. Tarehe ikasogezwa, matatu zikaendelea kupokea noti na sarafu, na Machi 2015 BebaPay ikafungwa. Mimi siwalaumu makondakta. Anayetaka kuwaondolea ile ziada aanze kwa kuwapa mshahara wa mwezi na mkataba, ndipo awape mashine.

Maana bila hivyo mashine itajua kile tu kondakta alichopenda kuiambia. Mtu anayepandia Makuyuni au Mto wa Mbu, akatoa nauli mkononi na kusimama katikati ya viti, hayumo katika mashine. Na basi likipinduka kwenye ule mlima wa Manyara, jina lake halitakuwamo katika orodha watakayoisoma polisi.