Isiolo haina taa za kale za kuiga

Katika miji mingi duniani umezuka mtindo wa kusimika nguzo mpya za taa zilizotengenezwa zifanane na za karne ya 19: chuma chenye nakshi, rangi nyeusi, kichwa cha vioo vinne kilichovikwa kofia, na ndani yake balbu ya LED iliyotoka kiwandani juzi. Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya, iliitaja Isiolo kuwa miongoni mwa miji ya kitalii itakayojengwa nchini, na penye mipango ya utalii wauzaji wa nguzo za namna hiyo hawakosi kubisha hodi. Hoja yangu ni kwamba nguzo hizo hazina mahali Isiolo, na si kwa sababu ya bei peke yake. Nakala huhitaji kitu halisi kilichotangulia, na barabara za mji huu hazikuwahi kuwa na taa za enzi hiyo. Historia ya taa za Isiolo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya giza, na giza hilo liliwekwa na sheria na sera za watu wanaojulikana.

Tuanze pale mwanga wenyewe ulipoanzia. Mtaa wa Pall Mall jijini London uliwashwa taa za gesi mwaka 1807, na kutoka hapo mtindo ukaenea Ulaya. Katika pwani yetu, historia inayosimuliwa na shirika la Kenya Power huanza na Sayyid Barghash wa Zanzibar, anayesemekana kununua jenereta mwaka 1875 ili kuangaza kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka huo una utata kidogo, kwani balbu ya Edison ilikuja mwaka 1879. Kama tarehe ni sahihi, basi ile ilikuwa taa kali ya cheche, si balbu tuijuayo. Lisilo na utata ni yaliyofuata. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua mashine hiyo na kuikabidhi kampuni ya umeme ya Mombasa, na mwaka uo huo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya pekee ya kuuza umeme Nairobi. Kampuni za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting. Tangu mwanzo, basi, taa ya barabarani ilikuwa bidhaa ya kampuni, na kampuni ilipeleka waya palipokuwa na mteja wa kulipa: bandarini, kwenye reli, katika mitaa ya walowezi na maduka ya Wahindi.

Isiolo ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwa askari Wasomali waliopewa makao hapo baada ya kuwatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Serikali ikaweka karantini ya mifugo iliyotoka kaskazini, kisha ofisi kuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD. Mwaka 1926 wilaya hiyo ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa, na sheria ya maeneo maalumu ya mwaka 1934 ikazidi kukaza kamba: kuingia ni kwa kibali, kutoka ni kwa kibali. Tafakari maana ya jambo hilo kwa taa ya barabarani. Taa ya mtaani hujengwa kwa ajili ya mpita njia, yaani mtu anayetambuliwa kuwa na haki ya kutembea usiku na kurudi kwake salama. Palipo na sheria inayomtilia shaka kila anayetembea hata mchana, nani atamwekea taa ya usiku? Mwanga uliokuwapo, kama katika miji mingine isiyo na umeme, ulikuwa wa karabai dukani na wa fanusi au koroboi nyumbani. Mtu alinunua mafuta yake na kujiangazia mwenyewe; barabara haikuwa ya mtu.

Uhuru haukuleta swichi. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Desemba mwaka huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini, vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi miaka ya mwisho ya 1960, na hali hiyo ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katikati ya vita hivyo ukatoka Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, ambao mara nyingi husomwa kama maandiko ya ujamaa wa Kiafrika. Kwa mtu wa Isiolo, kifungu chenye uzito ni kile kinachosema fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha na miundombinu tayari, yaani yale yatakayorudisha faida haraka. Lami ilifika Isiolo ikakomea hapo, na kwa miongo mingi kizuizi cha polisi kikabaki mlango wa kaskazini, dereva akiandikisha jina kabla ya kushika barabara ya vumbi kuelekea Marsabit.

Mhandisi wa umeme atanipinga hapa, na ana haki yake. Atasema waya hugharimu kwa kilomita, wateja wa kaskazini ni wachache na wametawanyika, wengine huhama na mifugo. Giza la Isiolo, kwake, ni hesabu wala si siasa. Kwa vituo vya mbali kama Merti au Garbatulla namkubalia nusu nzima. Lakini mji wa Isiolo haukuwa kambi ya wahamaji. Ulikuwa na ofisi, soko, misikiti, makanisa, shule na kambi za jeshi, na uko takriban kilomita 80 tu kutoka Nanyuki, mji wa walowezi. Tena hesabu yenyewe ilipangwa na sera: ukiamua kwamba fedha zifuate faida, mahali palipofungwa kwa karibu miaka 40 patashindwa kila mtihani wa faida. Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, na kaskazini ikaendelea kungoja.

Mabadiliko makubwa yamekuja ndani ya kumbukumbu ya kijana wa leo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaitaja taa ya barabarani moja kwa moja kuwa kazi ya serikali ya kaunti, na hivyo kuiondoa mikononi mwa hisani ya Nairobi. Lami ilisonga mbele hadi mto Merille, na baadaye ikafika Moyale. Zikaja mulika mwizi, zile taa za mlingoti mrefu ambazo Wakenya walizizoea kwanza katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Faida yake kwa mji unaoishi kwa miraa na kwa maziwa ya ngamia yanayopakiwa kwenye basi kwenda Eastleigh, Nairobi, haihitaji kuelezwa sana: muuzaji anayeonekana huuza. Sizitukuzi, hata hivyo. Mlingoti mmoja ukizimika, mtaa mzima huzimika nao, na nyuma ya kila ukuta hubaki kivuli kizito ambacho mwizi hukijua kuliko mpangaji wa mji.

Sasa atakuja mtetezi wa nguzo za urembo na kusema mgeni hupenda kupiga picha, na hata London wakazi walipigania taa zao. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Baraza la Westminster lilipotaka kubadilisha takriban taa 300 za gesi liweke za LED za kuiga, wakazi walikataa, na baraza likakubali kuzihifadhi nyingi kati ya hizo. Walichotetea ni taa halisi. Nakala ndiyo waliyoikataa. Mgeni anayepita Isiolo anaelekea hifadhi za wanyama za Buffalo Springs, Shaba au Samburu, na hakusafiri ili aone kivuli cha Pall Mall chini ya mgunga. Kisha kuna jambo la kiufundi. Nguzo ya urembo huwa fupi, kwa kawaida mita 4 au 5, kwa hiyo lazima ziwe nyingi na zikaribiane, na kichwa chake cha vioo hutupa mwanga pembeni na angani badala ya kuushusha chini. Fedha zilezile, zikitumika kwa nguzo za kawaida za mita 8 au zaidi, zingeangaza njia ndefu zaidi katika mitaa ya Bulla Pesa na Wabera. Na lililo kubwa kuliko hayo: kuupamba mji huu kwa chuma cha enzi ya wakoloni ni kusema kwamba enzi hiyo iliuangazia, ilhali iliufunga.

Kama Isiolo inataka kuheshimu historia ya taa zake, ianze na daftari. Kila nguzo iandikwe: iko wapi, ilisimikwa mwaka gani, kwa fedha za nani, inawaka au imekufa. Mahali pa kile kizuizi cha zamani pawekwe kibao chenye tarehe za sheria zilizoufunga mji, 1926 na 1934, na tarehe ya 1991. Sheria ya Upataji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba rekodi kama hizo kwa ofisi ya umma, na ofisi inawajibika kujibu. Mkazi wa Isiolo anayesoma haya aandike barua kwa manispaa na kuuliza swali moja tu: nguzo iliyo karibu na mlango wangu iliwekwa lini, na kama haipo, imepangiwa mwaka gani?