Ekseli ya DX Ikidedi Ukiwa Lodwar: Jinsi ya Kupata Inayoingia Bila Kupoteza Doo

Wasee wa ndai za zamani, hii ni yenu. Ekseli ya nyuma ya Corolla DX ikidedi ukiwa Nairobi, unashuka Grogan ama Kirinyaga Road, unaishika na mikono yako, ikikataa unarudisha. Ukiwa Lodwar, Grogan iko karibu kilomita 700. Kakuma ongeza zingine 120 hivi. Unatuma doo na M-Pesa, chuma inapanda lori, na ikifika haiingii, ni wewe na hasara yako. Kwa hivyo pima kwanza, ndio utume.

Kwanza, jua unatafuta nini

DX ni Corolla KE70, familia iliyotoka 1979. Bado inapendwa kwa autocross na rally hapa Kenya juu inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Binamu yake ni AE86 ya 1983 hadi 1987, ile Trueno ya Initial D. Habari njema ni kwamba nyuma ya DX sedan imeshikwa kama ya AE86: springi za koili, mikono minne, na fimbo moja ya kuzuia ekseli isihame pembeni. Ndio maana wasee huvalisha DX ekseli ya AE86. Lakini DX ya wagon ina springi za mabamba yaliyopangana, na ekseli yake haikai kwa sedan bila kuchomelea.

AE86 nayo ni adimu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopitisha miaka 8, kwa hivyo utategemea DX nyingine iliyoanguka ama spea za mtumba.

Usishikwe na macho. Lodwar imejaa Probox, lakini Probox ya kawaida inavutwa na mbele, nyuma hakuna difu. Ya Hilux ina difu sawa, lakini ni pana, ni nzito, na inakaa juu ya mabamba. Starlet KP61 ya zamani inasukumwa na nyuma, ila ekseli yake ni nyembamba kuliko ya DX.

Vitu vitano vya kupima

1. Upana. Pima kutoka uso wa dramu moja hadi ya pili, pale rimu inagusa. Usipime hadi kwa tairi.

2. Nati za gurudumu. DX na AE86 ni nati 4 kwa duara ya milimita 114.3. Magari mengi madogo ya kuvutwa na mbele ni 4 kwa 100. Kwa macho zinafanana, kwa bolti hazikubali.

3. Mahali mikono na springi zinashikia. Omba picha kutoka chini, futi kamba ikiwa imewekwa hapo.

4. Sahani ya propela shafti. Pima umbali wa matundu ya bolti. Difu kubwa inaweza kuja na sahani tofauti.

5. Breki. Kama yako ni dramu na inayokuja ni diski, uliza pia kebo ya handibreki na mabomba ya breki.

Gia za difu

Hapa ndio wengi huchomeka. Hesabu meno: gia kubwa ikiwa na 43 na ndogo 10, hiyo ni 4.3. Kama difu ni ya kawaida na hutaki kuifungua, mwambie fundi ashikilie gurudumu moja, azungushe la pili mara mbili kamili, ahesabu propela inazunguka mara ngapi. Ikizunguka mara nne na kidogo, uko hapo kwa 4.

Ukitoka 3.9 ukaweka 4.3, injini itazunguka asilimia 10 zaidi kwa spidi ileile. DX inasoma spidi kutoka giaboksi, kwa hivyo mshale ukisema 100, wewe uko kama 91. Inachomoka poa, lakini kuelekea Kakuma inakula mafuta zaidi.

Kabla ya kutuma doo

Itisha video. Propela ikitikiswa isicheze sana. Oili itolewe kidogo: ikiwa na vipande vya chuma, achana nayo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yaliingia.

Na hayo maji ndiyo noma ya huku. Tarach ikijaa Kakuma, ama laga ikishuka kwa barabara, ekseli iliyo moto ikiingia maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kunyonya maji kupitia sili. Mdomo wa kupumulia ukiwa umezibwa na mchanga, inanyonya zaidi. Funga mpira mrefu kwa huo mdomo, uupandishe juu hadi karibu na buti, na ubadilishe oili kila ukivuka maji ya kufika ekseli. Laga ikiwa inakimbia, usivuke. Ekseli hununuliwa tena, msee hanunuliwi.

Ikishafika, weka sili mpya na beringi mpya za pembeni kabla ya kufunga. Beringi ikivunjika, shafti inaweza kutoka na gurudumu lake, na kati ya Lodwar na Kakuma kuna jua jingi kuliko mafundi.