Ubao mmoja, wanafunzi wengi: kisa cha gethostbyname

Leo hatuzungumzii simu mpya wala tovuti ya kupakua nyimbo. Tunashuka chini kabisa, kwenye lugha ya C, tuitazame fanksheni moja yenye umri wa zaidi ya miaka arobaini. Kila unapoandika jina la tovuti, tuseme kenic.or.ke, kuna mahali ndani ya tarakilishi yako ambapo jina hilo lazima ligeuzwe kuwa nambari, kwa sababu vifurushi vya data husafiri kwa nambari tu. Kazi inaonekana ndogo: pokea jina, rudisha anwani. Lakini kuifanya kwa namna moja katika kila mfumo endeshi, na bila kuvurugika programu inapofanya mambo mengi kwa mpigo, kulichukua karibu miaka ishirini. Wengi hudhani tatizo la kufanya mambo kwa mpigo ndilo lililoleta dawa. Mimi sioni hivyo, na nitawaeleza kwa nini.

Tuanze California. Katika miaka ya 1970 majina yote ya mashine za ARPANET yalikaa katika faili moja tu, HOSTS.TXT, iliyotunzwa kwenye kituo cha habari za mtandao cha SRI, Menlo Park, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler. Ukipata mashine mpya unawaarifu, wao wanaiongeza, na wengine wote wanapakua faili upya. Ni kama daftari la chifu: kijiji kikiwa kidogo, linatosha.

Mwezi wa Agosti 1983, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4.2BSD, ile Unix iliyoleta soketi ambazo tunazitumia mpaka leo. Pamoja na soketi ilikuja hii:

struct hostent *gethostbyname(char *name);

Unaipa jina, nayo inakurudishia kielekezi. Hapo kwenye kielekezi ndipo kisa kinapoanzia. Kumbukumbu inayoelekezwa si yako wewe uliyeita. Ni ya maktaba yenyewe, nafasi moja tu, iliyotengwa mara moja kwa uhai wote wa programu. Fikiria mwalimu mwenye ubao mmoja. Unamwuliza swali, anaandika jibu ubaoni, kisha anakuambia, "Jibu lako liko pale." Akija mwingine na swali lake, ubao unafutwa na jibu jipya linaandikwa. Kama hukunakili mapema, shauri yako.

Sitawalaumu watu wa Berkeley. Wakati ule programu ya Unix ilikuwa na mkondo mmoja tu wa utekelezaji: inaita, inapata, inanakili, inaendelea. Kumbukumbu ilikuwa ghali, na mpango huu ulimwondolea mwita kazi ya kuomba nafasi na kukumbuka kuiachilia. Fanksheni nyingine za zama zile zilifanya vivyo hivyo. Localtime na getpwnam ni ndugu zake wa damu.

Kisha dunia ikabadilika nyuma ya pazia. Novemba 1983 Paul Mockapetris alichapisha RFC 882 na 883, mpango wa DNS, ambapo majina hayako tena kwenye daftari moja bali yamegawanywa kwa seva nyingi, kila moja ikijibu kwa eneo lake. Mwaka 1984 wanafunzi wanne wa Berkeley, Douglas Terry, Mark Painter, David Riggle na Songnian Zhou, waliandika BIND, na kufikia 4.3BSD ya mwaka 1986 gethostbyname iliweza kuuliza DNS. Jina la fanksheni lilibaki lilelile. Hata pale strakti ilipobadilishwa ili ibebe orodha ya anwani badala ya anwani moja, jina la zamani h_addr liliachwa kama makro inayoelekeza kwenye anwani ya kwanza, ili programu za kale zisivunjike. Mimi huipenda sana heshima ya namna hii kwa msimbo wa watu wengine.

Ila kitu kimoja hakikuweza kufichwa: muda. Kusoma faili la /etc/hosts ni kufumba na kufumbua. Kuuliza seva iliyo mbali ni kungoja, na maktaba ile kwa kawaida ilisubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu tena. Sisi huku tunalijua hilo vizuri. Kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na nje yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali lipande lishuke, jibu lipande lishuke: karibu nusu sekunde imekwisha kwa swali moja la DNS, hata kama seva imejibu papo hapo. Seva ya barua pepe yenye majina elfu moja ya kutafuta haiwezi kukaa foleni namna hiyo.

Jibu la wakati ule lilikuwa nyuzi, yaani mikondo kadhaa ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja, ikitumia kumbukumbu ileile. Kiwango cha nyuzi za POSIX kilipitishwa mwaka 1995. Sasa rudi kwenye ule ubao. Uzi wa kwanza umeuliza anwani ya A, jibu limeandikwa. Kabla haujanakili, uzi wa pili umeuliza anwani ya B, ubao umefutwa. Uzi wa kwanza unasoma anwani ya B ukiamini ni ya A. Hakuna kosa linaloripotiwa. Programu haianguki. Inaunganishwa tu na mashine isiyo yake.

Nimeshawahi kuletewa programu ya namna hiyo na kampuni moja hapa Nairobi. Ilikuwa ikituma taarifa za wateja usiku kwenye seva za wateja wenyewe, na mara moja moja taarifa za mteja mmoja zilibisha hodi kwa mwingine. Mchana, kazi ikiwa chache, haikutokea kabisa. Waliitunza kwa miezi wakishuku kebo, wakashuku ruta, wakashuku virusi. Aliyeiandika alikuwa ameshaondoka. Kosa lilikuwa mstari mmoja, na ukiusoma peke yake huoni ubaya wowote.

Dawa ya kwanza ilikuwa kufuli: uzi mmoja tu uruhusiwe kuita, wengine wangoje mpaka ule wa kwanza unakili. Ni sahihi, ila umerudi kwenye foleni uliyoikimbia. Jina moja lenye seva iliyokufa linawasimamisha wote.

Dawa ya pili ilikuwa mwita alete ubao wake mwenyewe. Kiwango cha 1995 kilifanya hivyo kwa localtime_r, strtok_r na getpwnam_r. Lakini gethostbyname haikuwemo katika kitabu kile, kwa sababu soketi zilikuwa zikijadiliwa na kikundi kingine. Kiti kikabaki wazi, na kila mwenye mfumo akakikalia kwa namna yake. Tazama. Solaris ilitaka hoja tano:

struct hostent *gethostbyname_r(const char *name, struct hostent *result, char *buf, int buflen, int *h_errnop);

Maktaba ya glibc ya Linux ikataka sita, na ikarudisha namba badala ya kielekezi:

int gethostbyname_r(const char *name, struct hostent *ret, char *buf, size_t buflen, struct hostent **result, int *h_errnop);

AIX na Unix ya Digital zikatosheka na tatu, zikiwa na strakti ya pekee iitwayo hostent_data. Jina moja, maumbo matatu! Kompaila haitakusaidia kuchagua. Ndiyo maana ukifungua msimbo chanzo wa Python utakutana na HAVE_GETHOSTBYNAME_R_3_ARG, _5_ARG na _6_ARG: hati ya usanidi hujaribu kukompaili kila umbo mpaka lipatikane linalokubali. Hiyo ndiyo "programu inayohamishika" ya miaka ya 1990.

Na hata ukipata umbo sahihi, je, bafa iwe kubwa kiasi gani? Huwezi kujua. Jina laweza kuwa na anwani moja au thelathini, na lakabu juu yake. Kwa glibc unabahatisha, ukipata ERANGE unaongeza bafa maradufu na kuuliza upya.

Kulikuwa pia na njia ya tatu, ya kutobadilisha jina wala hoja, bali kumpa kila uzi ubao wake kwa siri ndani ya maktaba. Winsock ya Microsoft ilifanya hivyo, na baadhi ya Unix za kibiashara pia. Ni werevu, lakini uzi huohuo ukiuliza mara mbili bado unafuta jibu lake la kwanza, na msimbo unaotegemea fadhila hiyo unavunjika kimyakimya ukihamia pasipo na fadhila.

Basi tuko mwisho wa miaka ya 1990, nyuzi zipo, madhara yanajulikana, na bado hakuna makubaliano. Kilichowasukuma watu kikatokea upande mwingine kabisa. Desemba 1995 ilichapishwa RFC 1883, IPv6, yenye anwani za biti 128 badala ya 32. gethostbyname haikuwa na mahali pa kusema unataka aina ipi ya anwani. Sasa kila programu ya mtandao ingelazimika kuguswa, upende usipende. Na kwa kuwa mlango ulikuwa unabomolewa, fundi akapata nafasi ya kurekebisha na msingi.

Hata hapo walipapasa. RFC 2133 ya Aprili 1997 ilieleza getaddrinfo, iliyotokana na kazi ya kikundi cha POSIX 1003.1g. RFC 2553 ya Machi 1999 ikaleta kando yake getipnodebyname. RFC 3493 ya Februari 2003 ikaiacha hiyo ya pili, na getaddrinfo ikabaki peke yake ulingoni.

Uzuri wake uko katika swali la nani mwenye kumbukumbu. Kila mwito unajengewa orodha yake mpya. Wewe unapewa, wewe unaitumia, wewe unairudisha kwa freeaddrinfo. Ubao wa pamoja hakuna, bafa ya kubahatisha hakuna, na kosa linarudi kama thamani ya fanksheni badala ya kukaa kwenye h_errno ya wote. POSIX ya 2001 iliiingiza ikitamka kwamba lazima iwe salama kwa nyuzi, na gethostbyname ikatiwa alama ya kuzeeka. Toleo la 2008 likaifuta.

Kwa upande wa msimbo wenyewe, BSD zinadaiwa shukrani na mradi wa Japani ulioitwa KAME, wa Aprili 1998 hadi Machi 2006, ambao uliandika IPv6 na kuigawa bure. Kame ni kobe kwa Kijapani. Tovuti yao ilikuwa na picha ya kobe anayecheza ukiifikia kwa IPv6 tu. Mmoja wa nguzo zake, Jun-ichiro Hagino, aliyejulikana kama itojun, alifariki Oktoba 2007.

Lakini kuandika kwenye kiwango ni jambo moja, kutekeleza ni jingine. Kwa miaka kadhaa kurasa za mwongozo za baadhi ya BSD zilikiri waziwazi kwamba getaddrinfo yao si salama kwa nyuzi, na Python ililazimika kuizungushia kufuli kwenye mifumo hiyo, pamoja na Mac OS X kabla ya toleo la 10.5 la mwaka 2007.

Na yale mambo ya kupima bafa kwa mkono yalikuja kudai deni lake. Tarehe 27 Januari 2015 kampuni ya Qualys ilitangaza dosari iliyobatizwa GHOST ndani ya glibc. Msimbo uliokuwa ukishughulikia majina ambayo tayari ni nambari na nukta, ulipokuwa ukijumlisha nafasi inayohitajika kwenye bafa, ulisahau kielekezi kimoja. Baiti 4 au 8 tu, kutegemea mashine, lakini Qualys walionyesha zinatosha kuiteka seva ya barua ya Exim kutoka mbali. Dosari iliingia na glibc 2.2 mwaka 2000. Ilisahihishwa Mei 2013, ila hakuna aliyetambua kuwa ni suala la usalama, kwa hiyo matoleo ya Linux yaliyodumisha glibc ya zamani yalibaki wazi. Programu zilizokwisha kuhamia getaddrinfo hazikupitia njia ile.

Wala getaddrinfo haikutoka safi. Februari 2016 watu wa Google na Red Hat walitangaza dosari ndani yake, CVE-2015-7547, iliyoanza na glibc 2.9: bafa ya baiti 2048 iliyoweza kufurika pale maswali ya IPv4 na IPv6 yanapoulizwa pamoja. Hiyo ilikuwa kazi ya kusasisha maktaba na kuwasha upya huduma. gethostbyname ni kazi ya kubadilisha msimbo wako mwenyewe, maana glibc bado inaibeba kwa ajili ya programu za kale na kompaila itaipokea bila kunung'unika. Ingia kwenye saraka ya programu unayoitunza, uandike:

grep -rn gethostbyname .

Kila mstari utakaotokea, angalia kwanza kama unaitwa kutoka kwenye uzi zaidi ya mmoja. Anza na hiyo.