Kupona baada ya upasuaji wa nyonga

Kupona baada ya upasuaji wa nyonga ni kipindi kinachoanza mara baada ya upasuaji na kuendelea mpaka mgonjwa anaporudia shughuli zake za kawaida. Makala hii inahusu hasa wiki 6 hadi 12 za kwanza baada ya mtu kuwekewa kiungo bandia cha nyonga.

Katika kipindi hicho hatari ziko pande mbili. Mgonjwa anayelala tu kitandani hupoteza nguvu za misuli, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu yake. Anayejilazimisha kupita kiasi huongeza maumivu na uvimbe, tena anaweza kuanguka au kutegua kiungo kipya. Kwa hiyo jambo muhimu ni kugawa nguvu kwa kiasi kati ya mazoezi na mapumziko.

Sababu za upasuaji

Nyonga ni kiungo kinachounganisha fupa la paja na mifupa ya kiunoni. Kichwa cha fupa la paja, chenye umbo la tufe, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa, na vyote viwili hufunikwa na gegedu laini. Gegedu hilo likisagika, kwa kawaida kutokana na umri, mifupa husuguana na kila hatua huleta maumivu. Sababu nyingine ni kuvunjika kwa shingo ya fupa la paja, jambo linalowapata hasa wazee wanapoanguka.

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ambako ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida, hata vijana huweza kuhitaji upasuaji huu. Seli nyekundu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, mfupa hukosa damu, na kichwa cha fupa la paja hufa na kubonyea.

Historia

Mwaka 1891 daktari Themistocles Gluck wa Ujerumani alieleza majaribio yake ya kutengeneza viungo bandia kwa pembe za ndovu. Upasuaji wa kisasa ulipata msingi wake mwaka 1962, John Charnley, mpasuaji wa hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alipoanza kutumia kichwa cha chuma kisichoshika kutu ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, akivishikiza kwa simenti ya mifupa.

Zamani wagonjwa walilazwa kitandani kwa muda mrefu baada ya upasuaji. Katika miaka ya 1990 mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark alionyesha, kwanza kwa upasuaji wa utumbo, kwamba mgonjwa aliyetulizwa maumivu vizuri na kuinuliwa mapema hupona haraka zaidi. Utaratibu huo ulienea hadi upasuaji wa viungo. Siku hizi wagonjwa wengi husimamishwa siku ileile au kesho yake.

Jinsi mwili unavyopona

Ngozi hufunga kwa muda wa wiki 2 hivi, lakini misuli na kano zilizokatwa au kuvutwa huhitaji miezi. Kiungo kilichowekwa kwa simenti hushika palepale katika chumba cha upasuaji. Kile kisicho na simenti husubiri mfupa uote ndani ya vitundu vyake kwa wiki kadhaa au miezi. Hivyo kidonda kilichokauka hakimaanishi kwamba nyonga imepona. Wengi huruhusiwa kukanyaga kwa uzito wote mara moja, ila wengine huambiwa wakanyage kidogo tu. Uamuzi huo ni wa mpasuaji.

Uchovu mwingi katika wiki za mwanzo ni wa kawaida, kwa kuwa mwili umepoteza damu na unajijenga upya. Nafuu nayo haiji kwa mstari ulionyooka: siku njema huweza kufuatwa na siku ngumu.

Kugawa shughuli na mapumziko

Wataalamu wa fiziotherapia kwa kawaida hufundisha mambo yafuatayo:

* Kutembea mwendo mfupi mara nyingi kwa siku kunafaa kuliko safari moja ndefu.
* Umbali uongezwe kidogo kidogo, hata siku ambayo mgonjwa anajisikia vizuri sana.
* Mgonjwa apumzike kabla hajachoka kabisa, kwa sababu mguu uliochoka hujikwaa kwa urahisi.
* Baada ya kutembea, alale na kuinua mguu ili uvimbe upungue.
* Akiwa amekaa au amelala, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kwa mara ili damu izunguke.

Kipimo rahisi ni hali ya asubuhi inayofuata. Uvimbe unaoongezeka jioni na kupungua usiku ni wa kawaida. Lakini maumivu au uvimbe ukiwa mkubwa kuliko jana yake, ni dalili kwamba kazi ilizidi. Hapo mgonjwa hupunguza mazoezi bila kuyaacha kabisa. Dawa za maumivu humsaidia kufanya mazoezi, ila pia huweza kuficha dalili ya kuzidisha.

Magongo hayaachwi mpaka mtu aweze kutembea bila kuchechemea. Anayetumia fimbo moja huishika kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Katika ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Tahadhari nyumbani

Wagonjwa wengi, hasa waliopasuliwa kupitia upande wa nyuma, huagizwa kwa muda wasikunje nyonga kupita nyuzi 90, wasipishanishe miguu na wasigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani. Maagizo hutofautiana kulingana na njia ya upasuaji.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki katazo la kwanza hugusa maisha ya kila siku. Kuchuchumaa chooni, kukaa mkekani, kuketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kuinama kufagia au kuchochea moto wa mafiga, vyote hukunja nyonga sana. Familia inaweza kuandaa mapema kiti kirefu chenye mikono, kiti cha chooni na meza ya kufanyia kazi za jikoni. Mwislamu asiyeweza kusujudu anaruhusiwa kuswali akiwa amekaa kitini. Kubeba ndoo ya maji na kupanda bodaboda ni mambo ya kuahirisha mpaka daktari aruhusu.

Msaada wa ndugu una kiasi chake pia. Mgonjwa anayefanyiwa kila kitu hukosa mazoezi anayoyahitaji, na yule anayeona haya kuomba msaada huishia kufanya kazi zisizomfaa.

Dalili za hatari

Mgonjwa anapaswa kwenda hospitali bila kuchelewa akiona:

* maumivu makali ya ghafla kwenye nyonga, na mguu kuonekana mfupi au kupinda: kiungo huenda kimeteguka;
* kuvimba na kuuma kwa ndama ya mguu: huenda damu imeganda;
* kukosa pumzi au maumivu ya kifua: bonge la damu huenda limefika mapafuni, na hali hiyo inaweza kuua;
* homa, au kidonda kuwa chekundu na kutoa usaha.

Wengi huachana na magongo na kurudia kazi nyepesi baada ya wiki 6 hadi 12, lakini nguvu za misuli huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima.

Tazama pia

* Nyonga
* Gegedu
* Selimundu
* Fiziotherapia