Pikoboli: Wachezaji wa kulipwa na michezo walikotokea

Pikoboli ni mchezo ulioanzishwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, nchini Marekani. Huchezwa kwa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu.

Wengi wa wachezaji wake wa kulipwa walitoka kwenye tenisi. Jack Sock, bingwa wa Wimbledon kwa wachezaji wawili wawili mwaka 2014 na 2018, alihamia pikoboli mwaka 2023. Mkanada Eugenie Bouchard, aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka 2014, alimfuata.

Hata hivyo, waliotia fora zaidi hawakuwahi kung'ara katika tenisi ya kulipwa. Ben Johns alikua akicheza tenisi na tenisi ya meza. Anna Leigh Waters, aliyependa pia kandanda, aligeuka mchezaji wa kulipwa mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 12, akishirikiana na mamake.

Sababu ni uwanja wenyewe. Una urefu wa mita 13.4 pekee, ilhali wa tenisi ni mita 23.8. Isitoshe, karibu na wavu hairuhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Hivyo, wepesi wa mkono na subira hushinda nguvu.